Uzi: Kumpata fundi wa kamera ya mkanda Arusha na Moshi, nilichojifunza na Yashica ya marehemu baba

Habari za jioni wakuu.

Huu uzi ni mrefu, tuvumiliane. Mwezi huu peke yake watu watatu wameniuliza swali moja: nina kamera ya mzee, shata (ule mlango mdogo unaofunguka na kufunga kuingiza mwanga unapopiga) imegoma, nimpelekee nani hapa Arusha? Niliwajibu kwa kifupi, kisha nikajiona nimewapunja, maana jibu la swali hilo mimi nililipata kwa machungu. Naliweka lote hapa, wenye uzoefu mtaongezea.

Kamera yenyewe ni Yashica Mat-124G. Waliokulia Moshi miaka ya 80 na 90 huenda wakaijua kwa sura hata kama jina hawalijui. Ni ile ya boksi, yenye lenzi mbili moja juu ya nyingine, mpiga picha anaining'iniza kifuani na kuinamisha kichwa aangalie kioo cha juu. Baba alikuwa na studio ndogo Moshi mjini. Siku za kawaida alipiga picha za pasipoti, kipaimara na harusi. Ikifika Desemba alifunga mlango akapanda mlimani, Kibosho, Uru, Old Moshi, kwa sababu watu wamerudi kula Krismasi nyumbani na kila boma linataka picha ya ukoo mzima. Mkanda wa saizi ya 120 kwenye kamera ile unatoa picha 12 tu, za mraba, kwa hiyo hakuwa mtu wa kubonyeza ovyo. Aliwapanga watu, akasogeza watoto mbele, akamwita bibi aliyejificha jikoni, ndipo akabonyeza mara moja.

Alipofariki kamera ilikuja kwangu ndani ya mfuko wake wa ngozi. Krenki, ule mkono wa kusogezea mkanda, ilizunguka vizuri. Kuanzia spidi ya 1/60 ya sekunde kwenda juu shata ilipiga kawaida, ila ukishuka kwenye sekunde moja au nusu sekunde ilifunguka ikabaki wazi.

Fundi wa kwanza

Nilichagua kwa ukaribu. Hapa Arusha kuna fundi nilimfahamu, anatengeneza simu na kamera za kisasa, kijana mwenye mikono myepesi na mwaminifu. Aliitazama, akasema niirudie kesho yake jioni. Kesho yake jioni shata ilikuwa inapiga kwa spidi zote. Nikalipa 60,000, nikaondoka na furaha isiyo na kifani.

Baada ya wiki mbili ikagoma tena, na safari hii hata 1/125 ilikwama. Mkanda mmoja niliokuwa nimepiga katikati hapo niliutuma Dar kusafishwa, ukarudi picha zote za mbali zikiwa na ukungu, fokasi haipo, ilhali kwenye kioo nilikuwa nimeona kila kitu kikali. Nilipoichunguza kamera kwa utulivu nikakuta vichwa vya skrubu za mbele vimelika, ngozi ya uso imechanika pembeni, na nikichungulia ndani ya lenzi ya chini, majani ya shata yanang'aa mafuta.

Simlaumu sana, kwa sababu sasa najua kilichotokea, na ninyi mkijue kabla hamjatoa kamera zenu mkononi. Ndani ya shata ya aina hii kuna majani membamba ya chuma, na pembeni yake kuna seti ya gia ndogo zinazochelewesha kufunga kwenye spidi za chini. Gia hizo ni ndugu kabisa na gia za saa ya mkono. Grisi yake ikikaa miaka 40 inaganda, gia zinazubaa. Fundi asiyezijua anapulizia mafuta ya kulegeza kutu. Mafuta yanailainisha grisi ile, kila kitu kinacheza, mteja anafurahi. Halafu grisi iliyoyeyuka inatambaa mpaka kwenye majani. Majani ya shata yanatakiwa kuwa makavu kabisa. Yakipata mafuta yanagandana kama vipande viwili vya kioo chenye maji, na springi yake haina nguvu ya kuyaachanisha.

Kwa hiyo ukimsikia fundi anataja kopo la kupulizia kabla hajasema neno kufungua, shika kamera yako uondoke.

Fundi saa wa Moshi

Shangazi yangu ndiye aliyeniambia: "Baba yako kamera yake aliipeleka kwa fundi saa, hakuipeleka kwa fundi redio." Nilikuwa sijawahi kuwaza hivyo. Nikapanda Coaster asubuhi kwenda Moshi, kilomita 80 tu, nikamtafuta mzee mmoja anayetengeneza saa karibu na soko. Jina na namba yake siweki hadharani, hajaniruhusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leta nikuone na mzigo wako."

Kilichonivutia ni kwamba hakugusa bisibisi. Aliiweka kamera kwenye kitambaa, akauliza ilikuwa ya nani, mara ya mwisho ilipiga picha lini, na nani ameifungua. Akaiweka kwenye sekunde moja, akaisogeza sikioni kama mtu anayesikiliza simu, akabonyeza. Akarudia kwenye nusu, robo, 1/8. Akafungua mgongo wa kamera, akaielekeza dirishani, akatazama majani yakifunguka. Alipomaliza alisema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo:

"Shata nitaifungua na kuisafisha, na gia zake nitazipa mafuta mahali panapotaka mafuta. Mita ya mwanga siigusi, hiyo si kazi yangu. Na huyu aliyekutangulia amelegeza lenzi ya juu. Hiyo tutairudisha mimi na wewe, asubuhi, mlima ukiwa wazi."

Nikamuuliza nilipe kiasi gani cha kuanzia. Akasema nisilipe kitu mpaka afungue aniambie amekuta nini. Siku tatu baadaye alinipigia, akanieleza alichokikuta, akataja 90,000 na wiki tatu. Nikauliza mbona wiki tatu. Akasema kuisafisha ni kazi ya siku mbili, lakini ataiacha mezani na kuijaribu kila asubuhi kukiwa na baridi, kwa sababu shata inayopiga vizuri saa saba mchana Moshi inaweza kugoma alfajiri. Hilo sisi wa Arusha tunalijua. Baridi ya Julai huku kwetu inaigandisha grisi mbovu, na kamera inayokwama asubuhi ikapona mchana inakuambia ugonjwa wake yenyewe.

Ile asubuhi ya mlima

Naieleza kwa kirefu kwa sababu wenye kamera za lenzi mbili mtaihitaji, na hata fundi wenu anaweza asiijue.

Lenzi ya juu ni ya macho yako, ya chini ni ya mkanda. Zimefungwa kwenye ubao mmoja unaosogea mbele na nyuma. Ya juu ikihama hata kidogo, wewe unaona kikali huku mkanda unapata kingine. Hicho ndicho kilichoziua picha zangu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa nje ya nyumba ya mzee, Kibo iko wazi, theluji yote inaonekana. Ukichelewa mpaka saa nne mawingu yanaifunika. Tulifungua mgongo wa kamera, akabandika karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile ya kunakilia ramani, pale hasa mkanda unapolala. Akaweka shata kwenye B, ambapo inabaki wazi muda wote ukishikilia kitufe, mimi nikabonyeza na kushikilia. Fokasi ikawekwa kwenye alama ya mbali kabisa. Mzee akavaa lenzi yake ya jichoni, ile ya kutazamia saa, akaiangalia Kibo iliyopinduka kwenye karatasi. Ilikuwa kali. Maana yake lenzi ya chini haikuwa na kosa. Tukatazama kioo cha juu, Kibo imefifia. Akaizungusha lenzi ya juu kidogo kidogo mpaka mlima ukawa mkali kwenye kioo kama ulivyo kwenye karatasi, akaikaza, tukapima tena. Kisha tukajaribu na nguzo ya umeme ya karibu tuone kama zinakubaliana pia.

Si lazima iwe Kibo. Meru inafaa, mnara wa simu ulio mbali unafaa. Muhimu ni kitu cha mbali chenye ncha.

Mnapomtafuta wa kwenu

Tazama meza yake kabla hujamtazama yeye. Angalia vichwa vya skrubu kwenye vifaa alivyokwisha kutengeneza. Vikiwa vimelika, na yako italika. Kuna siri hapa ambayo wengi hawaijui: skrubu za nyota kwenye kamera za Japani za zamani zilichongwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS. Bisibisi ya nyota tunayoikuta kila duka inafanana nayo kwa macho, ila ncha yake haiingii mpaka chini, ukikaza inateleza na kula kichwa. Muulize tu fundi, bisibisi zako za nyota ni za aina gani? Anayejua atakutolea kijiboksi chake kwa fahari. Mzee wa Moshi alikuwa na za kwake alizozinoa mwenyewe kwa mkono mpaka zikakaa.

Mwulize ngozi ya nje ataitoaje. Kwenye Yashica yangu skrubu za uso zimejificha chini ya ngozi. Kuna wa kuingiza kisu, na kuna wa kulainisha gundi kwa spiriti na kusubiri.

Akisema mita ya mwanga imekufa, muulize ameijaribu na betri gani. Hapa watu wengi wanazika kamera ambayo bado ni nzima. Yashica hii na nyingi za wakati wake zilitengenezewa betri ya zebaki, PX625, ya volti 1.35. Hizo hazitengenezwi tena kwa sababu zebaki ni sumu. Ukiweka ya alkalini yenye umbo hilohilo inatoa volti 1.5 na inashuka jinsi inavyotumika, kwa hiyo mita inakudanganya, na leo inadanganya tofauti na wiki ijayo. Wengi wetu tunatumia betri ndogo ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, pamoja na pete ya kuijazia nafasi. Inakaa karibu na volti 1.4 na haiyumbi mpaka inapoisha. Kabla ya hapo lakini safisha vishikio vya betri, mara nyingi vina kutu ya kijani na ugonjwa wote uko hapo.

Vipuri. Usidanganywe na mtu anayekuambia ataagiza spea mpya kiwandani. Kyocera waliichukua Yashica mwaka 1983 na mwaka 2005 wakaacha kabisa kutengeneza kamera. Spea ya Yashica inatoka kwenye Yashica nyingine iliyokufa. Fundi wa kweli ana sanduku la maiti hizo, au atakuambia uitafute wewe umletee. Mimi sasa nikiona mbovu inauzwa bei ya chini naichukua.

Na mwache ataje asichokiweza. Niliwapitia watu wanne baada ya yule wa kwanza, watatu wakaniambia wanaweza kila kitu: shata, mita, ukungu, fokasi, hata kabla hawajaishika. Mzee peke yake ndiye aliyekataa sehemu ya kazi.

Ukungu kwenye lenzi

Watu wa Tengeru, Usa River, na sisi wa miteremko ya Meru, masika inatuumiza. Kamera ikikaa kwenye mfuko wake wa ngozi kabatini kuanzia Machi mpaka Mei, ngozi inashika unyevu na ukungu unapanda kwenye kioo kama nyuzi za buibui. Ukiwahi, fundi anaufuta. Ukichelewa, unakula ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo na kuacha alama, na alama hiyo hakuna fundi wa kuiondoa. Anayekuahidi kioo kitarudi kama kipya bila kukimulika kwa tochi, muogope. Toa kamera kwenye ngozi, iweke pakavu penye hewa, na uitumie.

Kama yako ni ya betri

Ushauri wa fundi saa ni kwa kamera zinazokwenda kwa springi: Yashica Mat, Pentax K1000, Zenit, Nikon FM2. Hizi shata inapiga hata bila betri, betri ni ya mita tu. Canon AE-1 ni habari nyingine, bila betri yake ya volti 6 haipigi kabisa, na ikiharibika umeme wa ndani hapo fundi saa hana la kufanya. Jaribu betri mpya kwanza. Ikiwa inapiga lakini inatoa sauti kama mtu anayekohoa, huo si ugonjwa wa umeme, ni gia za kioo cha ndani zimekauka, na zinatengenezeka.

-----

NYONGEZA (naona maswali yamekuwa mengi, nayajibu hapa)

Mkuu uliyeuliza kuhusu K1000 uliyoinunua kwa mtalii: kabla hujaenda kwa yeyote, toa lenzi, fungua mgongo bila mkanda, weka 1/1000, elekeza kwenye ukuta mweupe wenye jua na uchungulie kwa nyuma unapobonyeza. Unatakiwa uone mstatili mzima uking'aa. Upande mmoja ukiwa mweusi, mapazia mawili yanayofanya kazi ya shata kwenye kamera hii hayaendi sawa, la pili linalikuta la kwanza. Mweleze fundi hivyo hivyo. Ila usiyaguse mapazia kwa kidole. Na ile michirizi ya mwanga uliyoiona kwenye picha, angalia sponji nyeusi kwenye kingo za mlango wa nyuma. Ikikushika kidole kama lami imeoza. Hiyo unaweza kubadilisha mwenyewe.

Dada wa Njiro: ndiyo, spidi za chini unaweza kuzipima nyumbani. Rekodi sauti ya shata kwa simu, ifungue kwenye programu inayoonyesha mawimbi ya sauti, upime umbali kati ya mlio wa kufunguka na wa kufunga. Kuanzia sekunde moja mpaka 1/30 inakupa jibu zuri. Juu ya hapo milio inaingiliana, utahitaji kipimo cha mwanga.

Aliyetaka kutuma nje ya nchi: toa mkanda, toa betri, piga picha kamera pande zote pamoja na namba yake, na uende forodha kabla ya kuituma upate karatasi zinazoonyesha inatoka kwa matengenezo. Ukiituma kimyakimya, siku inarudi itaonekana umenunua kitu kipya nje na utaanza kubishana ushuru wa kamera ya baba yako mwenyewe. Kwa Dar, basi linatosha, lakini ifunge kwenye nguo ndani ya boksi gumu, na risiti iandikwe thamani.

Mkuu unayesema ni bora ninunue ya kisasa niachane na haya: ninayo ya kisasa, naitumia kazini. Hii nilitaka ipige tena kwa sababu nusu ya picha za ukoo wetu zimepita kwenye lenzi hiyo.

-----

MREJESHO

Niliahidi kuleta matokeo. Krismasi nilipanda nayo Kibosho na mkanda mmoja wa ISO 100. Mita bado haifanyi kazi, nilipima mwanga kwa programu ya simu. Niliwapanga watu mbele ya nyumba ya babu, pale pale baba alipokuwa akiwapanga, migomba nyuma yao. Mkanda umerudi juzi. Picha 11 kati ya 12 ni kali mpaka majani ya migomba unayahesabu. Ile moja mtoto alikimbia.

Mzee aliniandikia spidi zote kwa kalamu kwenye kikaratasi, alizoziona kwenye kipimo cha mjukuu wake. Sekunde moja ni sekunde moja. 1/60 ni 1/60. 1/500 ni kama 1/350, na pembeni ameandika: "Springi imezeeka, usiilazimishe, funga lenzi nusu stopu." Yaani nipunguze kidogo tundu la mwanga la lenzi. Nimekigundisha ndani ya kifuniko cha mfuko.